Nyumba yangu, ardhi ya nani? Wapwani tukidai haki ya uchumi tuanzie chini ya nyumba zetu

Mwana Majengo (mwenye uzi)

Salaam aleikum jamaa, na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo.

Tangu vijana wamiminike barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, kila baraza hapa mjini limekuwa chuo cha uchumi. Ukipita Mwembe Tayari, ukikaa kwa muuza kahawa Kibokoni, mazungumzo ni yale yale: asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya), VAT ya mafuta iliyopandishwa hadi asilimia 16 mwaka 2023. Sina ugomvi na malalamiko hayo, mimi mwenyewe nakatwa kila mwisho wa mwezi na payslip yangu yatia huruma. Lakini nimesikiliza sana na kuna kitu twakiruka. Twagombania jasho la mtu likatwe kiasi gani, hatuulizi mali isiyotoka jasho yalipa nini. Na Mombasa mali hiyo ni ardhi.

Kwa wenzetu wa bara wanaosoma, nieleze kidogo. Hapa kwetu kuna kitu chaitwa nyumba bila ardhi. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida pale Majengo: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma na choo na jiko. Babu alichimba msingi, akasimamisha kuta za udongo na mawe, akaezeka makuti, baba akaja akatia saruji na mabati. Nyumba ni yao, wairithishana, waweza hata kuiuza. Ila udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine, na mtu huyo hulipwa kodi ya ardhi, mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Sheria ya kawaida ya Kenya yasema kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya Pwani, ambayo yategemea sana fikihi (sheria ya Kiislamu), yasema jengo laweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe. Mahakama za hapa Mombasa zimeshakiri katika kesi kadhaa kwamba desturi hii ipo. Lakini hati huna. Ushahidi wako ni daftari la risiti.

Letu lina jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni. Jina lililoandikwa ni la babu, na babu amezikwa kabla mimi sijaanza skuli. Wakala wa mwenye ardhi akija hukata risiti kwa jina lile lile la marehemu, na tukimwomba aandike jina la mama husema hana ruhusa. Ukitaka kuongeza ghorofa, ruhusa. Ukitaka kugeuza chumba cha mbele kiwe duka, ruhusa, na ruhusa ina bei. Benki ukienda na lile daftari wakuonyesha mlango kwa adabu. Basi nyumba ya miaka zaidi ya 60 haijawahi kuzaa mtaji hata wa cherehani.

Mambo yalifikaje hapa? Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waingereza utawala wa ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai kipande ajitokeze mbele ya msajili athibitishe. Waliojua kusoma na waliokuwa na makaratasi, wengi wao Waarabu, baadhi ya Waswahili na Wahindi, wakapata hati za kudumu. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na kaya, sheria haikuwa na safu ya kuwaandika. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali, na ya serikali mnajua ilivyogawanywa. Ripoti ya 2004 ya tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, imeandika. Kisha makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Kenya na Zanzibar yakaahidi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa. Uhuru ukatukuta wapangaji, ukatuacha wapangaji.

Jambo linalonikera zaidi ni hili. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali za Sehemu. Mtu akinunua fleti ghorofa ya tano Nyali hupewa hati yake mwenyewe ya fleti ile, pamoja na fungu lake katika ardhi na ngazi na lifti. Aweza kuiweka rehani benki kesho yake. Yaani sheria ya Kenya yaweza kabisa kutambua umiliki wa chumba kinachoning'inia hewani. Mwenye fleti alipohitaji, ikaandikwa. Mwenye nyumba Majengo, Kisauni, Changamwe na Likoni amehitaji miaka mia na zaidi, bado atembea na risiti.

Na mpangaji wa chumba ndani ya nyumba hizo naye ana lake. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ingalipo, na baraza lake la kuamua kesi lingalipo, lakini yawahusu wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni chumba cha kuishi mtu cha 2,500 kisiwani leo. Kiwango kimeachwa kikazeeka mpaka sheria imebaki jina. Mswada wa mwenye nyumba na mpangaji wa 2021 uliotaka kurekebisha haukufika kuwa sheria.

Sasa tazama kodi za serikali. Anayepokea kodi ya nyumba za kuishi, ikiwa ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hulipa asilimia 7.5 ya anachopokea. Ilikuwa 10, ikashushwa kuanzia Januari 2024, wakati ule ule wafanyakazi wakiongezewa makato. Na mwenye kiwanja kilichofungiwa ukuta miaka 30 akisubiri bei ipande? Hana mapato, kwa hiyo kodi ya mapato hamna. Kilichobaki ni reti, kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti, na hizo ndizo zinazosamehewa riba kila uchaguzi ukikaribia.

Pendekezo langu ni kwamba kaunti iache kuongeza ada kwa mama wa viazi karai na mwendesha tuktuk, ikusanye reti za ardhi kwa thamani ya kweli, viwanja vilivyolala vilipe zaidi, na anayetoa mkataba mrefu kwa wenye nyumba juu ya ardhi yake apunguziwe. Katiba, kifungu cha 209, imeipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali. Hakuna haja ya kupiga magoti Nairobi.

Haya, nipigeni mawe.

Chuma cha Bandari

Kaka umeandika vizuri ila umetia mkokoteni mbele ya punda. Shida ya Mombasa ni kazi. Mtu akiwa na kazi atanunua ardhi yake mwenyewe Mtwapa au Mariakani, hana haja ya daftari la babu.

Mimi nilikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena Changamwe. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipozinduliwa 31 Mei 2017 tuliambiwa ni neema. Mwaka uliofuata mizigo ikaanza kulazimishwa kupanda treni hadi Nairobi, na 2019 ikaja amri kwamba mizigo yote ya kuingia nchini ipitie reli. Tuliandamana kila Jumatatu mpaka amri ikasimamishwa, lakini dereva, turnboy, fundi wa magurudumu, mama wa chakula Miritini, wote walikuwa washaumia. Agizo la kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa lilikuja Septemba 2022 siku rais alipoapishwa. Miaka mingapi ilipotea? Yadi yetu haikufunguka tena. Sera moja iliyoandikwa ofisini Nairobi ilimaliza mji. Hiyo ndiyo dhuluma ya kuzungumzwa.

Mwana Majengo

@Chuma cha Bandari pole sana ndugu yangu, na sikupingi hata kidogo. Lakini nikuulize: ulipokosa kazi 2019, ulikuwa na nini cha kushikilia? Aliyekuwa na hati alichukua mkopo akanunua tuktuk. Sisi wa risiti tuliuza makochi. Ndiyo maana nasema ardhi ni bima ya mtu asiye na bima. Bandari ikipiga chafya, mwenye ardhi hulala na njaa siku mbili, sisi huhama.

Halafu kuna hili: bandari ikichangamka, kodi za vyumba Changamwe na Mikindani hupanda mwezi huo huo. Mshahara wako mpya mwenye kiwanja yuala nusu yake bila kunyanyua hata pakiti.

Chuma cha Bandari

Hapo kwenye kodi za Mikindani umenishika pabaya. Nimekubali nusu.

Mama wa Ziwa la Ng'ombe

Wanaume mwazungumza ya Sultani na bandari, nami niwape ya jikoni.

Nyumba yetu ni bila ardhi pia. Mimi na marehemu tuliijenga pamoja. Yeye alikuwa kibarua, mimi nilikuwa napika mahamri na mbaazi alfajiri, na matofali ya ukuta wa nyuma ni pesa ya mahamri tupu. Risiti ya kodi ya ardhi ilikuwa kwa jina lake. Alipofariki, kabla eda yangu kwisha, shemeji alikuja kuomba "aangalie tu" daftari. Akaondoka nalo. Mwezi uliofuata alikwenda kwa wakala akalipa kodi yeye, na risiti ikatoka kwa jina lake. Basi. Mtu mmoja na karatasi moja, nikawa mgeni kwenye ukuta niliouchomea mahamri.

Nyumba ingekuwa na hati, sheria yataka idhini ya mke kabla ya kuuzwa au kuwekwa rehani. Risiti haina mke, haina watoto, haina chochote ila jina la aliyelipa mwisho. Mkiandika hizo sera zenu mpya muandike na hilo.

Wakili wa Kando

Mama pole. Nitarudi kwako chini.

Niongeze ya kisheria kwa kuwa naona watu wanauliza kwenye inbox. Wengi huniambia "tumekaa miaka 40, si sheria yasema ukikaa miaka 12 ardhi ni yako?" Ndiyo, yasema, kwa ardhi ya mtu binafsi, ikiwa umekaa wazi wazi, bila kukatizwa na bila idhini ya mwenyewe. Hapo kwenye idhini ndipo penye mtego. Kila risiti ya kodi ya ardhi unayoiweka kwa heshima kwenye sanduku ni ushahidi kwamba ulikaa kwa ruhusa. Aliyevamia msituni akanyamaza aweza kushinda kesi, wewe uliyelipa kwa uaminifu ukashindwa. Na ardhi ya umma haimo kabisa katika kanuni hiyo.

Wakitaka kukufukuza, Sheria ya Ardhi baada ya marekebisho ya 2016 yataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Na Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell ya Januari 2021, ilisema walioko kwenye ardhi ya umma bila makao mengine wana haki ya makazi ambayo dola haiwezi kuipuuza. Ni uamuzi mzito, ila huo ni wa ardhi ya umma, na wengi wenu mko juu ya ardhi ya watu binafsi.

Kuhusu dhuluma za kihistoria, Tume ya Taifa ya Ardhi mwanzoni ilipewa dirisha la miaka mitano tu kupokea madai, likafungwa Septemba 2021. Nusu ya watu wa hapa walisikia habari zake lilipokwisha fungwa.

Na jingine ambalo watu hulisahau: Katiba, kifungu cha 68, iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu mmoja aweza kumiliki. Mswada uliletwa 2015, ukafa kimya kimya. Msiulize kwa nini.

Kijana wa Wakf

Nataka kuweka sawa kitu, maana naona "mwenye ardhi" hapa amepigwa picha ya tajiri mwenye kitambi.

Familia yetu ina ardhi kidogo Majengo, na nyumba za watu juu yake. Hati iko kwa jina la babu wa babu. Waislamu twarithi kwa sharia na mirathi haijagawanywa ipasavyo vizazi vitatu. Warithi tuko wengi mno, wengine Muscat, wengine Toronto, wengine hatujui kama wako hai. Kodi tunayokusanya kwa mwaka mzima ukiigawanya, fungu langu halinunui kilo mbili za nguru Marikiti. Nikitaka kumuuzia mwenye nyumba udongo wake, na wengine kwetu wataka kweli, nahitaji saini za watu wote hao. Kwa hiyo twakaa, na wao wakaa.

Pili, viwanja vingi mjini ni wakfu. Mtu aliiweka kwa ajili ya msikiti au mayatima, na wakfu hauuzwi, haurithiwi, haugawanywi. Kodi ile ndogo ndiyo inayolipa bili ya maji ya udhu. Mkipandisha reti kwa "thamani ya kweli", kiwanja cha wakfu katikati ya mji chaweza kuonekana cha mamilioni, na mapato yake ni sarafu. Mtaumiza nani?

Mwana Majengo

@Kijana wa Wakf nimefurahi umekuja, maana upande wenu huwa hausikiki.

Wakfu kwangu si adui, tena ndio uliotufundisha kitu. Aliyejenga juu ya wakfu anaosimamia mtu mwaminifu amekaa salama kuliko aliyejenga juu ya ardhi ya mtu binafsi, kwa sababu hakuna mrithi wa kuja siku moja na mwekezaji na tingatinga. Wakfu wapewe msamaha wa reti, kwa sharti moja: mkataba wa maandishi na mwenye nyumba, wa miaka mingi, unaorithika, jina la mke likiwemo. Ardhi ibaki ya Mwenyezi Mungu, na juu yake aliyejenga awe na karatasi inayosimama mahakamani.

Kuhusu warithi walio Muscat na Toronto, hiyo nayo ni kazi ya sera. Tukiwa na reti za kweli, kuacha mirathi imelala kutakuwa na gharama, na familia zitasukumana zenyewe hadi kwa kadhi. Leo kulala hakuna gharama kwenu. Gharama yote twaibeba sisi tulio juu.

Hesabu Kali

Mimi ni mhasibu, nitawaharibia sherehe.

Mwana Majengo, reti zikipanda mwenye ardhi atafanya nini? Ataongeza kodi ya ardhi. Mwenye nyumba naye ataongeza kodi ya vyumba. Mwisho atakayelipa ni kibarua wa chumba cha nyuma karibu na choo. Umeandika sera ya kumsaidia maskini ambayo bili yake atapelekewa yeye.

Pia umesema asilimia 7.5 kana kwamba ni sadaka. Ile hutozwa kwenye mapato yote kabla ya kutoa gharama. Mtu aliyejenga kwa mkopo wa benki, riba inamla, bado alipa kwenye shilingi ya kwanza.

Mwana Majengo

Kuhusu asilimia 7.5 kwa aliyejenga kwa mkopo, nakubali yauma, na ndiyo sababu sitaki tuongeze kodi kwa aliyejenga. Aliyejenga ametupa nyumba. Namtaka asiyejenga.

Sheria ya zamani ya uthamini, kwa Kenya nzima, kwa kawaida ilitoza thamani ya kiwanja kitupu, kana kwamba hakuna jengo. Yaani kiwanja chenye magugu na paka na kiwanja cha jirani chenye ghorofa nne hulipa sawa. Hilo ni jambo zuri, watu hawajui tu, kwa sababu halimwadhibu mjenzi. Kilichokufa ni daftari la kaunti la thamani za viwanja. Sheria ilitaka daftari lifanywe upya angalau kila miaka 10. Nairobi walikaa na thamani za 1980 kwa karibu miaka 40! Ardhi iliyokuwa shamba la mihogo ikawa na maduka makubwa, daftari lasema bado ni mihogo. Sasa kuna Sheria ya Taifa ya Reti ya 2024. Kaunti itayarishe daftari jipya, na ilichapishe mtandaoni, kiwanja kwa kiwanja, kila mtu aone nani analipa na nani anadaiwa.

Kuhusu kumtupia mpangaji mzigo: mwenye kiwanja kitupu hana mpangaji wa kumtupia. Akilipa kila mwaka bila kuvuna, ama atajenga ama atauza, na vyote viwili vyaongeza vyumba mjini. Vyumba vikiongezeka, huyo kibarua wa chumba cha nyuma ana pa kuhamia akipandishiwa. Kwa kiwanja chenye nyumba juu yake, ndipo naweka nafuu niliyoitaja: toa mkataba wa kuanzia miaka 33, kodi iandikwe itapandaje, upunguziwe reti. Asiyetaka mkataba alipe yote. Na ile 2,500 ya baraza la kodi ipandishwe ifikie hali ya leo, ili mpangaji awe na pa kulalamika. Bila hicho kipande cha mwisho, wewe uko sahihi na mimi nimekosa.

Hesabu Kali

Bila kipande cha mwisho na bila makarani wanaokubali kuchapisha daftari. Wenye viwanja vitupu vikubwa hapa mjini ni kina nani? Taja. Huwezi. Ndio hao hao wanaokaa mbele kwenye mikutano ya kukusanya maoni ya umma.

Mzawa wa Mtongwe

Nimesoma yote. Mwazunguka mbuyu. Sisi watu wa ng'ambo ya Likoni twataka hati. Hati yenye jina langu na namba yangu ya kitambulisho. Mikataba ya miaka 33, nafuu ya reti, wakfu, hayo ni maneno ya watu wa kisiwani waliozoea kuomba ruhusa.

Angalieni shamba la Waitiki, Likoni. Ekari 930. Watu walikaa pale tangu machafuko ya 1997. Serikali ikamlipa mwenyewe shilingi bilioni 1.1 na Januari 2016 rais akaja kutoa hati. Sawa. Lakini tukaambiwa kila mmoja alipe 182,000! Pesa ya umma imenunua, na umma ulipe tena. Mzee anayepokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali, kwa mwezi, azilimbikize zote bila kula, miezi 91. Hapo ndipo pana mazungumzo ya haki.

Mwana Majengo

Kaka Mzawa, hesabu yako ya miezi 91 naiweka ukutani.

Lakini nikuchokoze. Hati za mtu mmoja mmoja zikitoka mahali penye thamani kama Likoni, na daraja laja kila mwaka kwa mdomo, nini hufuata? Mtoto augua, ada ya skuli yafika, dalali yuko mlangoni na pesa taslimu. Kwingi Pwani watu wamepata kiwanja cha makazi asubuhi na kukiuza jioni kwa bei ya pikipiki, kisha wakahamia kipande kingine na kuwa maskwota upya.

Hapa jirani, Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, miaka ya 1990 walijaribu njia nyingine. Ardhi ilikuwa na vibanda visivyo na hati. Wakazi waliulizwa wenyewe wakachagua ardhi ishikwe na jamii kwa pamoja, kila mtu amiliki nyumba yake. Ukihama wauza nyumba, udongo hauuzi. Dalali hana cha kununua. Ilikuwa kazi nzito ya makaratasi kwa sababu sheria ya Kenya haikuwa na umbo hilo. Ilibidi waunganishe chama kilichosajiliwa, hati ya amana na mkataba mkuu wa ardhi. Lakini tazama: ni nyumba bila ardhi vile vile! Tofauti ni kwamba mwenye ardhi ni wao wenyewe. Bilioni 1.1 ya umma ingenunua ardhi ikae hivyo, watu walipe ada ndogo ya barabara na mifereji, na hakuna wa kuwafukuza, hata wao kwa wao.

Mzawa wa Mtongwe

Amana. Umesema amana.

Ndugu yangu, kabla ya Katiba ya 2010 ardhi nyingi za wenyeji Kenya zilikuwa "ardhi za amana", zikishikwa na mabaraza ya wilaya, yaani kaunsili, kwa niaba ya wananchi. Yule diwani aliyekuwa anashika kwa niaba yetu, viwanja vya ufuoni aligawia nani? Soma hiyo hiyo ripoti ya Ndung'u uliyoitaja. Pwani tumeshikiwa na Sultani, tukashikiwa na Mwingereza, tukashikiwa na kaunsili. Sasa wanishauri nishikiwe na kamati ya mtaa, mwenyekiti akiwa binamu ya mheshimiwa?

Nikiuza kwa bei ya pikipiki ni ujinga wangu, lakini ni wangu. Watu wa Nyali huuza wapendavyo hamna anayewaundia amana ya kuwalinda na dalali.

Chuma cha Bandari

Hapo Mzawa amepiga msumari. 😂

Mwana Majengo

Hilo la Nyali sina jibu la haraka. La kaunsili ninalo: kaunsili hawakuwa wakazi, hawakuchaguliwa na mtaa ule peke yake, na hakuna mkazi aliyekuwa na kura ya kuzuia mauzo. Voi ardhi haiwezi kuuzwa kwa saini ya mwenyekiti. Lakini naelewa kwa nini huamini, na singekulazimisha. Watu wa mtaa wapige kura wenyewe, hati za binafsi au za pamoja, kabla ya serikali kununua na si baada.

Mzawa wa Mtongwe

Kura, nakubali. Na zile 182,000 zifutwe kwanza, kisha tukae.

Mama wa Ziwa la Ng'ombe

Wakili, ulisema utarudi kwangu. Mimi sina miaka ya kungoja kura wala daftari jipya. Shemeji ameshaanza kuleta watu kupima.

Wakili wa Kando

Samahani mama, nilikuwa kazini.

Risiti ya shemeji haimfanyi mwenye nyumba. Inaonyesha tu kwamba alilipa kodi ya ardhi mwezi ule. Nyumba ni mali ya marehemu na imo kwenye mirathi. Kwa kuwa ni Waislamu, fungua shauri Mahakama ya Kadhi hapa mjini, upate uamuzi wa warithi ni nani: wewe thumni yako (moja ya nane) kwa kuwa kuna watoto, na watoto mafungu yao. Shemeji, kama marehemu ameacha mtoto wa kiume, hana kitu humo. Na sehemu uliyojenga kwa pesa yako idai kabla ya mirathi kugawanywa, maana hiyo haikuwa ya marehemu. Kusanya mashahidi: fundi aliyejenga, jirani, hata wateja wako wa mahamri wa zamani, na picha zozote za wakati wa ujenzi.

Wakati huo huo mpelekee wakala barua ya kumjulisha kuna shauri, abaki na nakala iliyopigwa muhuri nawe ubaki na yako. Anza kulipa kodi wewe, na ulipe kwa M-Pesa, usimpe mkononi. Akikataa kupokea, hifadhi ujumbe wa kukataa. Ikiwa huna pesa za wakili, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na hawatozi. Nenda mapema asubuhi, foleni huwa ndefu. Niandikie inbox siku utakayokwenda nikuandalie orodha ya makaratasi.